Vita vya mbali vinavyoingia jikoni Mikocheni

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi haimo katika orodha ya sikukuu za taifa, lakini wakazi wa Mikocheni, kama wenzao wa Kinondoni yote, Temeke na Ilala, wanaikumbuka kuliko baadhi ya sikukuu zenyewe. Ndiyo siku ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ikivuma tetesi kwamba bei itapanda, vituo vya mafuta vilivyo kandokando ya Barabara ya Mwai Kibaki na ile ya Bagamoyo hujaa magari usiku wa kuamkia siku hiyo. Ikivuma kwamba itashuka, kila mwenye gari huomba tone lililobaki kwenye tangi limfikishe asubuhi.

Tangazo hilo la kurasa chache ndipo mahali ambapo siasa za dunia hukutana na mfuko wa mkazi wa Dar es Salaam. Mara nyingi ndani yake hamna neno Urusi, wala Iran, wala Bahari ya Shamu. Mna tarakimu tu, mji kwa mji, na saini mwishoni.

Msemo wa fahali wawili na nyasi umetumiwa mno katika kuzungumzia habari hizi, hata umepungua makali. Unasema kweli, lakini unasema nusu, kwa sababu nyasi haziumii sawasawa. Mikocheni ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo, kwani katika eneo moja dogo wanaishi pamoja mwenye nyumba anayetoza kodi kwa hesabu ya dola, mfanyakazi wa ofisi anayelipwa kwa shilingi, kiwanda cha soda, dereva wa bajaji na mama lishe aliyejibanza chini ya mwembe nje ya geti la ofisi. Mshtuko mmoja wa dunia ukipiga, watano hao huupokea kwa namna tano.

Ili kuelewa ni kwa nini, budi kwanza kuijua njia yenyewe. Tanzania haina kisima kinachotoa mafuta ghafi. Kiwanda chake pekee cha kuyasafisha, TIPER cha Kigamboni, kiliacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita na kubaki kuwa ghala. Kila lita ya petroli inayochomwa katika foleni ya Morocco au Mwenge imekuja kwa meli, imeagizwa kwa pamoja chini ya usimamizi wa Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja (PBPA), na imelipiwa kwa dola. Bei yake huanzia katika soko la Ghuba ya Uarabuni. Juu yake huwekwa nauli ya meli, bima, gharama za bandari, kodi na tozo, na mwisho faida ya msambazaji na ya mwenye kituo.

Kwa kuwa shehena hununuliwa, husafirishwa, hupakuliwa na kugawanywa kabla ya kufika pampuni, bei ya mwezi huu hubeba bei ya dunia ya takriban miezi miwili nyuma. Jambo hili dogo la kihasibu lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, na mwaka 2022 ulilidhihirisha.

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari mwaka huo. Mwezi Machi watu walikwenda kazini kama kawaida. Mwezi Mei bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ikafika Sh3,148 kwa lita na dizeli Sh3,258, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza ruzuku ya Sh100 bilioni ili kupunguza makali kuanzia Juni. Hata hivyo, Agosti 2022 petroli ilifika Sh3,410 licha ya ruzuku. Kinaya ni kwamba mwezi huohuo, katika soko la dunia, pipa lililokuwa limevuka dola 120 mwezi Juni lilikuwa limeshuka hadi kuzunguka dola 100. Mkazi wa Mikocheni aliyesikiliza taarifa ya habari asubuhi alisikia mafuta yanashuka, na alipofika kituoni akakuta yamepanda. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba anaibiwa. Hakuwa anaibiwa, alikuwa analipia Juni.

Kuchelewa huko kungeweza kuwa nafuu. Mtu aliyeonywa miezi miwili kabla ana nafasi ya kujiandaa. Kampuni kubwa yenye mkopo wa benki na ghala huitumia nafasi hiyo: huagiza malighafi mapema, huingia mikataba ya usafiri kwa bei ya zamani. Dereva wa bajaji hawezi kujaza petroli ya Agosti mwezi Juni, na hata angeweza, sheria haimruhusu kuirundika kwenye madumu chumbani kwake. Onyo ni lilelile kwa wote wawili, ila mmoja tu ndiye mwenye mtaji wa kulitii.

Mafuta yakishapanda, nauli hufuata, na nauli zina tabia yake. Mei 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliruhusu nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kupanda kutoka Sh400 hadi Sh500. Desemba 2023, baada ya petroli kufika Sh3,281 na dizeli Sh3,448 mwezi Oktoba, ikapanda tena hadi Sh600. Mwaka 2025 petroli ilikaa kwa miezi mingi chini ya Sh3,000, lakini mwaka huo uliisha bila nauli hiyo kurudi Sh500, sembuse Sh400. Wenye mabasi wana hoja: vipuri, matairi na bima navyo vilipanda, na havikushuka. Ni hoja ya kweli. Lakini kwa mfanyakazi wa ndani anayepanda magari mawili kutoka Mbagala hadi Mikocheni na mawili kurudi, Sh200 zilizoongezeka katika kila safari fupi ni zaidi ya Sh20,000 kwa mwezi wa kazi, na mshahara wake haukujadiliwa na mamlaka yoyote.

Chakula nacho hupita njia hiyo, ila kwa ukimya zaidi. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka nje, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakuu. Ukraine nayo ilikuwa muuzaji anayeongoza duniani wa mafuta ya alizeti. Vita vilipoanza mafuta ya kula yalikuwa tayari ghali, kisha Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ikazuia kuyauza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022 ili kuwalinda watu wake. Kwa mama lishe, unga na mafuta vikipanda kwa pamoja, hakuna tangazo la bei kikomo. Andazi hupungua mwili kwanza, na bei hupanda baadaye, wateja wakiwa wamekwisha kulizoea dogo.

Serikali ilipolegeza ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje, jiko la mjini lilipumua. Msimu uliofuata wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma walilalamika kwamba bei ya mbegu zao imeanguka. Nafuu ya Mikocheni ilikuwa imelipiwa na shamba la kanda ya kati, jambo ambalo halikupewa nafasi kubwa katika mijadala ya jijini.

Mlango wa pili ni dola yenyewe. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, na fedha za dunia zikavutwa kuelekea huko. Mwaka 2023 waagizaji wa Tanzania walihangaika kutafuta dola, na katika majira ya kati ya mwaka huo baadhi ya vituo vya mafuta viliishiwa. Shilingi, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh2,300 kwa dola mwanzoni mwa 2022, ilivuka Sh2,700 mwaka 2024, kabla ya kupata nguvu tena mwishoni mwa mwaka huo.

Katika mitaa kama Mikocheni, Msasani na Masaki hesabu hiyo haikubaki benki. Chukulia nyumba iliyopangishwa kwa dola 800 kwa mwezi. Kwa Sh2,300 ni Sh1,840,000. Kwa Sh2,700 ni Sh2,160,000. Mpangaji anayelipwa kwa shilingi ameongezewa Sh320,000 kwa mwezi bila mwenye nyumba kugusa mkataba wala kupaka rangi ukuta. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kupiga marufuku kutoza, kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani. Kanuni hizo zilikuwa za haki na zilichelewa. Zilichoondoa ni alama ya dola kwenye mkataba. Mwenye nyumba anayeogopa shilingi kuanguka bado anaweza kupanga kodi ya shilingi iliyo juu kiasi cha kumkinga.

Bahari ni mlango wa tatu. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu kwa kile walichokiita kuwaunga mkono Wapalestina wa Gaza, kampuni nyingi za meli ziliacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Meli itokayo Ulaya ambayo ingeshuka moja kwa moja hadi Dar es Salaam ikalazimika kuizunguka Afrika nzima, kwa wiki moja hadi mbili zaidi. Bidhaa za China na magari ya Japani hayapiti njia hiyo, na kuna waliodhani kwamba kwa hiyo hayataguswa. Yaliguswa: meli zinazotumia siku nyingi zaidi njiani ni sawa na meli zilizopungua duniani, na uhaba wa meli na makontena hupandisha nauli hata ya njia isiyo na bunduki.

Chini ya bahari hiyohiyo zimelala nyaya za mawasiliano. Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi, ikaachwa ikielea, na nyaya tatu zikakatika katika eneo hilo; wataalamu walisema nanga yake ndiyo iliyoziburuta. Mei 12 mwaka huohuo nyaya nyingine mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, safari hii bila vita yoyote, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Ofisi za Mikocheni, eneo lenye vyombo vya habari, maduka ya mtandaoni na kampuni za huduma, zilijifunza siku hiyo kwamba nazo zinategemea bandari isiyoonekana.

Na si kila hatari hutoka ng'ambo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ghasia zilizuka Dar es Salaam, amri ya kutotoka nje ikatangazwa kuanzia saa 12 jioni, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Watu walipoteza maisha, na hilo haliwezi kupimwa kwa hesabu za biashara. Lakini kwa upande wa riziki, siku chache hizo zilifanya kile ambacho nanga ya Rubymar haikuweza: dereva anayepata abiria kwa programu ya simu hakupata hata mmoja, muuzaji wa nguo kwa mitandao ya kijamii alinyamaza, na vibanda vya chakula vinavyoishi kwa wateja wa jioni vilifungwa jua likiwa juu. Wawekezaji huandika hatari za aina hii katika safu ileile ya vita na vikwazo.

Mapema mwaka huohuo lilikuja pigo la aina nyingine, lisilo na kishindo. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ndizo zilizozungumzwa zaidi, kwa haki kabisa. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba mashirika yaliyotegemea fedha hizo hukodi nyumba kuwa ofisi katika mitaa ya namna ya Mikocheni, huajiri madereva, walinzi na wahasibu, na wahasibu hao hula mchana kwa mama lishe. Mradi ukifungwa Washington, sufuria moja hupungua chini ya mwembe.

Pamoja na hayo yote, kuna nyumba chache hapahapa Mikocheni ambazo jiko lake halijali kinachotokea Hormuz. Ndizo zilizounganishwa na bomba la gesi asilia lililotandazwa kutoka Ubungo na Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), bomba hilohilo linalohudumia pia kiwanda cha soda. Gesi yake hutoka katika visima vya kusini mwa nchi. Haipandi meli, haipiti mlango-bahari wowote, haina bima ya vita. Mama wa nyumba hiyo huwasha jiko na kulipia mita.

Jirani yake, labda umbali wa kuazimana chumvi, hupikia mtungi. Gesi ya mitungi, tofauti na ile ya bomba, yote huagizwa kutoka nje kwa dola kama petroli ilivyo, na haimo katika tangazo la Jumatano ya kwanza. Ikipanda, mwenye kipato husikitika na kununua. Asiye nacho hurudi kwenye gunia la mkaa, na mkaa ni miti ya Pwani, Morogoro na Tanga. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini kadiri linavyoegemea mtungi, ndivyo jiko la taifa linavyofungwa kwenye meli. Mwanakijiji aliyekuwa akipikia kuni hakuwa na habari na Ghuba ya Uajemi. Akipewa mtungi ataanza kuwa nayo.

Juni 2025 ilitoa kionjo. Israel iliishambulia Iran tarehe 13, Marekani ikaingia tarehe 22, na Bunge la Iran likaunga mkono kufungwa kwa Mlango-Bahari wa Hormuz, ambamo hupita takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani. Vita hivyo vilidumu siku 12, mlango haukufungwa, na pipa lililokaribia dola 80 likarudi chini ya 70. Havikufika pampuni za Mikocheni kwa kishindo. Mtu angeweza kusema hofu ilikuwa ya bure. Kwa hesabu ya ile miezi miwili, tafsiri iliyo sahihi zaidi ni kwamba vita viliisha kabla ya bili kuandikwa. Habari za hifadhi ya taifa ya mafuta, yaani akiba ya kuivusha nchi pindi meli zikichelewa, zimekuwa zikisemwa bungeni kwa zaidi ya muongo mmoja.

Wazee wa jiji wanakumbuka namna ilivyokuwa akiba ilipokosekana kabisa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyogongana na mapinduzi ya Iran na kupanda kwa mafuta duniani, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo iligeuka miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na barabara ya Bagamoyo ikawa ya baiskeli na watembea kwa miguu.

Hoja ya kwamba nchi maskini haina la kufanya mbele ya mambo haya haiungwi mkono na historia yake yenyewe. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mwaka 1968, chini ya miaka mitatu baadaye, bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 lilikuwa likisukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Tanzania na Zambia wakati huo zilikuwa na wahandisi wa kuhesabika kwa vidole.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa kisicho mbali na jiji, iligunduliwa mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Waarabu na Israel kupandisha bei ya mafuta mara kadhaa na kuitikisa nchi. Ilifika Dar es Salaam mwaka 2004. Kutoka mitambo ya Ubungo hadi majiko ya kwanza ya Mikocheni, safari ya kilomita chache, ilichukua takriban muongo mwingine. Katika mitaa mingi inayopakana na bomba hilo, kijana wa bodaboda bado anapita jioni akiwa amefunga mitungi miwili nyuma ya kiti, akigonga geti hadi geti.